Jua la Mbali na Sayari Yake Isiyoonekana

Mtu akisimama nje usiku wa mwezi wa Oktoba, yapata saa tatu, mahali pasipo taa wala mbalamwezi, akaelekeza uso wake kaskazini, ataona juu nyota nne zilizokaa kama pembe nne za uwanja. Nyota hizo ni sehemu ya kundi ambalo Wayunani wa kale waliliita Pegasus, jina la farasi mwenye mabawa katika hadithi zao. Upande wa magharibi wa uwanja huo, nje kidogo ya mstari uunganishao nyota mbili za upande ule, iko nyota nyingine ndogo sana. Mwenye macho mazima aweza kuiona kwa shida. Mwenye macho dhaifu hataiona kabisa. Wataalamu wa nyota hawakuipa hata jina, bali waliipa namba tu, wakaiita nyota 51 ya Pegasus.

Walakini nyota hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza, miongoni mwa nyota zifananazo na jua letu, kujulikana kwa hakika kuwa ina sayari yake. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1995. Na ajabu yake ni hii, ya kuwa waliotangaza habari hawakuwa wameiona sayari yenyewe, wala hawakupata picha yake. Basi mtu awezaje kusema kweli habari za kitu asichokiona? Hilo ndilo jambo litakaloelezwa hapa.

1. Nyota na sayari

Hapo kale watu walipozichungua nyota usiku baada ya usiku, waliona kwamba karibu zote hukaa katika safu zake siku zote, lakini ziko chache zitangatangazo kati ya nyingine. Hizo chache ndizo sayari. Zuhura, ing'aayo magharibi baada ya jua kuchwa au mashariki kabla ya kupambazuka, ni sayari. Mshtarii, iliyo kubwa kuliko zote, ni sayari. Dunia hii nayo ni sayari. Zote hulizunguka jua, wala hazina mwanga wake zenyewe; huangaza kwa kuwa zapigwa na mwanga wa jua, kama ukuta uliopakwa chokaa uangazavyo mbele ya taa.

Nyota ni kitu kingine. Kila nyota ni jua, yaani ni tufe kubwa mno la hewa yenye moto mkali, itoayo mwanga wake yenyewe. Nyota huonekana ndogo kwa sababu ya umbali tu, kama vile moto mkubwa wa nyika uonekanavyo kuwa cheche ukiwa katika mlima wa mbali. Na nyota 51 ya Pegasus imefanana sana na jua letu. Uzito wake wazidi uzito wa jua kidogo tu, na moto wake karibu ni ule ule.

Tangu zamani watu wenye fikira waliuliza: ikiwa jua letu lina sayari zake, je, majua mengine hayana? Mwitalia mmoja, Giordano Bruno, aliandika mwaka 1584 ya kuwa majua ni mengi yasiyo na idadi, na kwamba dunia nyingi huyazunguka. Lakini hayo yalikuwa mawazo matupu, maana hakuwa na njia ya kuyapima. Ilipita miaka zaidi ya 400 kabla ya kupatikana kipimo.

2. Umbali wa nyota hiyo

Chukua chungwa moja liwe mfano wa jua letu. Kwa kipimo hicho dunia itakuwa kama chembe ya mchanga, iliyowekwa mbali na chungwa kadiri ya meta 8 na nusu. Mshtarii itakuwa kama punje ya mahindi, nayo itawekwa meta 45 kutoka chungwa. Hayo yote yaweza kupangwa katika kiwanja cha shule.

Sasa chukua chungwa la pili liwe mfano wa nyota 51. Liwekwe wapi? Si katika kijiji cha pili, wala si katika mji mkuu, wala si Ulaya. Yapasa liwekwe mbali kadiri ya kilometa 27,000. Katika dunia hii hapana mahali pa kuliweka, maana hata msafiri aendaye upande wa pili kabisa wa dunia hapiti kilometa 20,000 akifuata njia fupi.

Au fikiri habari ya mwanga. Hapana kitu kiendacho mbio kuliko mwanga. Hupita kilometa 300,000 katika sekunde moja. Mwanga wa jua hufika duniani kwa muda wa dakika 8 na kidogo. Mwanga wa nyota 51 huchukua miaka 50. Kwa hiyo mwanga ule uliopokewa na wataalamu mwaka 1994 ulikuwa umeanza safari yake mwaka 1944 au karibu yake, Vita Kuu ya pili ilipokuwa haijakwisha.

3. Kwa nini sayari haionekani

Umbali huo peke yake si kizuizi kikubwa, maana nyota yenyewe yaonekana. Kizuizi kikubwa ni mwanga wa nyota. Mtu akitazama mnara wa taa wa pwani usiku, na kimulimuli akiruka karibu na kioo cha taa hiyo, hataweza kumwona kimulimuli hata kidogo. Si kwamba kimulimuli hana mwanga, bali mwanga wa taa humfunika. Ndivyo ilivyo kwa sayari. Mwanga wa jua letu huzidi mwanga urudishwao na Mshtarii kadiri ya mara milioni elfu. Basi mtu aliye mbali sana, akilitazama jua letu, angeona nukta moja ya mwanga tu, naye angeweza kusema kwamba jua hilo halina sayari hata moja. Angesema uongo bila kujua.

4. Mtu mzima na mtoto

Kuna mchezo ambao watoto wengi waujua. Mtu mzima humshika mtoto mikono yote miwili, kisha huzunguka naye mpaka miguu ya mtoto ikainuka kutoka chini. Mtoto hupita katika duara kubwa, na mtu mzima hukaa katikati. Lakini mtazamaji mwangalifu ataona kwamba mtu mzima naye hatulii mahali pamoja. Hulala nyuma kidogo, na mwili wake hupita katika duara dogo, kwa kuwa mtoto humvuta kama vile yeye amvutavyo mtoto. Mtoto akiwa mzito zaidi, mtu mzima huyumba zaidi.

Sasa fikiri mchezo huo unafanywa usiku wa giza. Mtu mzima amejifunga taa kifuani, na mtoto hana taa. Aliye mbali hamwoni mtoto. Huona taa tu. Lakini akiona taa yaja na kurudi, yaja na kurudi, kwa muda ulio sawa siku zote, atatambua ya kuwa mwenye taa hayuko peke yake. Tena akihesabu muda wa kila mzunguko, na kupima jinsi taa inavyoyumba, aweza kukadiria hata uzito wa yule mtoto asiyemwona.

Nyota na sayari huvutana vivyo hivyo. Mshtarii hulivuta jua letu, na jua huyumba kwa mwendo wa meta 12 hivi kwa sekunde, si zaidi ya mwendo wa mkimbiaji aliye hodari kuliko wote. Na mzunguko mmoja wa Mshtarii huchukua karibu miaka 12. Basi kazi ya kutafuta sayari za nyota ni kazi ya kupima mwendo mdogo kama huo katika nyota zilizo mbali mno.

5. Jinsi mwanga uletavyo habari

Mtu aliyesimama kando ya reli husikia mlio wa gari la moshi. Gari likimjia, mlio ni mwembamba. Likiisha kumpita, mlio huwa mnene ghafula, ingawa dereva hakubadili kitu. Sababu yake ni kwamba sauti ni mawimbi. Gari likija, mawimbi husongana. Likienda zake, mawimbi huachana. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1842 na mtaalamu wa Austria, Christian Doppler.

Mwanga nao ni mawimbi, nao hufuata sheria ya namna hiyo. Mwanga wa nyota ukipitishwa katika kioo cha pembe tatu hugawanyika, ukatoa rangi kama za upinde wa mvua, toka nyekundu mpaka urujuani. Na kati ya rangi hizo mna mistari myeusi mingi, myembamba kama nywele. Joseph Fraunhofer wa Ujerumani alianza kuichora mistari hiyo mwaka 1814, akatia alama mamia ya mistari katika mwanga wa jua. Mistari hiyo hutokana na vitu vilivyomo katika hewa ya nyota, kama vile chuma, na kila kitu kina mistari yake ambayo haibadiliki. Basi nyota ikitujia, mistari yote husogea kidogo sana upande wa buluu. Ikienda mbali nasi, husogea upande wa nyekundu. Aliye na chombo cha kupima kusogea huko aweza kusema nyota inakwenda upande gani, na kwa mwendo gani, asiondoke alipo.

6. Kazi ya Mayor na Queloz

Katika mji wa Geneva, nchi ya Uswisi, alikuwako mwalimu wa chuo kikuu jina lake Michel Mayor. Pamoja naye alikuwako kijana, Didier Queloz, ambaye alikuwa bado mwanafunzi, akifanya kazi ili apate shahada ya udaktari. Walikuwa na chombo kipya kiitwacho ELODIE, kilichofungwa katika darubini yenye kioo cha upana wa sentimeta 193, huko Haute-Provence, kusini ya Ufaransa. Chombo hicho kiliweza kutambua mwendo wa nyota hata ukiwa meta 13 tu kwa sekunde. Wakachagua nyota 142 zifananazo na jua, wakaanza kuzipima mwaka 1994.

Walitazamia kungoja miaka mingi. Mafundisho ya wakati ule yalisema kwamba sayari kubwa kama Mshtarii haziwezi kutengenezwa karibu na nyota yake, kwa sababu ya moto mwingi. Hutengenezwa mbali, penye baridi na barafu. Na iliyo mbali huzunguka polepole. Kwa hiyo wataalamu walifikiri ya kuwa hapana sayari kubwa itakayojulikana mpaka mtu awe amepima nyota yake miaka kumi au zaidi.

Baada ya miezi michache tu kijana Queloz aliona jambo lisilo la kawaida katika nyota 51. Wakati huo Mayor alikuwa amesafiri, yuko Hawaii, na kazi ilikuwa mikononi mwa mwanafunzi. Kila alipoipima nyota ile, kipimo kilikuwa kingine. Kwanza hakufikiri habari za sayari. Alifikiri kwamba chombo kina kasoro, au hesabu zake zina kosa. Akaogopa. Akapima tena, akahesabu tena, wala asiseme neno kwa watu. Lakini nyota nyingine zilitulia, na nyota 51 haikutulia. Ilikuwa ikija na kurudi kwa mwendo wa karibu meta 60 kwa sekunde, na kila mzunguko ulichukua siku 4 na saa 5 na kidogo. Si miaka 12, bali siku 4. Kwa mafundisho ya wakati ule jambo hilo lilikuwa haliwezekani.

7. Kungoja mpaka Julai

Mtu mwenye pupa angalikimbilia kutangaza. Lakini Mayor na Queloz walikuwa na sababu ya kuogopa, maana watu wengine walikwisha kutangaza sayari ambazo hazikuwapo.

Mwaka 1991 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Andrew Lyne, pamoja na wenzake, walitangaza ya kuwa wameona sayari ikizunguka nyota moja iliyokufa. Dunia nzima ilipata habari hiyo. Kisha Lyne mwenyewe alipokagua hesabu zake akagundua kosa: hawakuwa wameondoa vizuri mwendo wa dunia yenyewe katika kulizunguka jua. Sayari haikuwapo. Mwezi wa Januari 1992 alisimama mbele ya mkutano mkubwa wa wataalamu huko Marekani, akakiri kosa lake waziwazi. Wale waliomsikia walisimama wakampigia makofi, kwa kuwa waliona ya kwamba mtu asemaye, "Nilikosa," hulinda elimu kuliko yule afichaye. Katika mkutano huo huo mtaalamu Alexander Wolszczan alieleza habari za sayari alizozipata yeye na Dale Frail katika nyota nyingine iliyokufa, na hizo zikathibitika kuwa za kweli. Lakini nyota iliyokufa si kama jua letu, na swali la kale lilikuwa bado.

Mwezi wa Machi 1995 nyota 51 ilikuwa imekaribia upande wa jua, isiweze kupimwa tena. Mayor na Queloz wakafanya jambo la busara. Walihesabu mapema nyota hiyo itakuwa ikienda kwa mwendo gani siku itakapoonekana tena. Kisha wakangoja. Sayari ikiwa ni ya kweli, nyota itatimiza hesabu. Sayari ikiwa ni ndoto, nyota itakwenda njia nyingine, na miezi yote ya kazi itakuwa bure.

Mwanzo wa Julai 1995 nyota ilionekana tena. Wakapima usiku wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, na wa nne. Kila usiku nyota ilikuwa pale pale hesabu iliposema. Ndipo walipoamini. Tarehe 6 Oktoba 1995 Mayor alitangaza habari hiyo katika mkutano wa wataalamu, mji wa Florence, Italia.

8. Ushuhuda wa wengine

Katika elimu haitoshi mtu aamini mwenyewe. Yapasa wengine wapime nao waone vile vile. Baada ya siku chache tu, Geoffrey Marcy na Paul Butler wa Marekani walielekeza darubini yao ya Lick, katika California, kwenye nyota 51. Wakakuta mambo ni kama yalivyosemwa. Hao walikuwa wamepima nyota nyingine kwa miaka mingi, wakaweka vipimo vyao, lakini hawakuwa wametafuta mzunguko mfupi namna hii, maana nani angaliufikiri? Wakavirudia vipimo vyao vya zamani, na mwanzo wa mwaka 1996 wakatangaza sayari mbili katika nyota nyingine mbili. Sayari hizo zilikuwa zimelala ndani ya hesabu zao muda wote huo.

Hata hivyo mashaka hayakwisha. Mwaka 1997 David Gray wa Kanada aliandika kwamba hapana sayari, bali uso wa nyota yenyewe hupanda na kushuka kama mawimbi, na mistari yake hubadilika umbo kwa sababu hiyo. Mabishano yakawa makali. Lakini Gray hakukaa akishindana kwa maneno. Alirudi kwenye darubini akapima tena kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1998 akaandika ya kuwa hakuona mabadiliko aliyoyadhani, na kwamba sayari ndiyo sababu iliyobaki. Hivyo yule aliyepinga akawa shahidi.

Mwaka 1999 ukaja ushuhuda wa namna nyingine. Katika kundi hilo hilo la Pegasus mna nyota iitwayo HD 209458, nayo ilijulikana kuwa ina sayari ya namna ile kwa kuyumba kwake. Wataalamu walipoitazama kwa saa zilizohesabiwa, mwanga wake ulipungua kidogo, kisha ukarudi kama ulivyokuwa. Sayari ilikuwa imepita mbele ya nyota, kama nzi apitaye mbele ya taa. Tangu hapo wengi hawakuwa na shaka tena juu ya sayari hizo.

9. Hali ya sayari hiyo

Sayari ya nyota 51 ni kubwa. Uzito wake ni karibu nusu ya uzito wa Mshtarii, yaani kama dunia 150 zikiwekwa pamoja. Si nchi kavu yenye milima na mabonde. Ni tufe la hewa nzito, kama Mshtarii ilivyo.

Lakini mahali pake si kama pa Mshtarii. Katika ule mfano wa machungwa, dunia ilikuwa mbali na jua lake meta 8 na nusu. Sayari hii iko mbali na chungwa lake dhiraa moja tu. Kwa kipimo cha kweli ni kilometa milioni 8 hivi, na dunia iko mbali na jua kilometa milioni 150. Mtu angaliweza kuwa huko, angaliona jua lililo pana zaidi ya mara 20 kuliko jua letu. Joto lake lakadiriwa kuwa nyuzi 1,000, na risasi ingeyeyuka huko kama siagi juani. Hapana mti, hapana kiumbe. Tena mwaka wake ni siku 4 na robo hivi. Mtoto wa miaka 12 hapa angalihesabiwa huko kuwa na miaka zaidi ya 1,000.

Ilifikaje mahali pale, ikiwa sayari kubwa haiwezi kutengenezwa karibu na moto? Wataalamu walilazimika kufikiri upya. Wengi sasa hufundisha kwamba sayari za namna hii hutengenezwa mbali na nyota, kisha huvutwa zikasogea ndani, zikakaribia nyota. Hivyo sayari moja ndogo kwa hesabu ilibadili mafundisho yaliyokuwa yakiaminiwa na wote.

10. Majua mengine na majina yao

Tangu mwaka 1995 zimejulikana sayari zaidi ya 5,000 katika nyota nyingine. Nyingi zilipatikana kwa darubini iitwayo Kepler, ambayo Wamarekani waliirusha juu mwaka 2009 ipime kupungua kwa mwanga wa nyota. Moja katika nyota zilizopimwa, iitwayo Kepler-90, nayo imefanana na jua, na mwaka 2017 ilitangazwa kwamba ina sayari 8, sawa na idadi ya sayari za jua letu. Lakini zote 8 zimesongamana, hata ile ya nje kabisa iko karibu na nyota yake kadiri ile ile ya dunia na jua.

Mayor na Queloz walipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya elimu ya fizikia mwaka 2019. Nusu nyingine alipewa James Peebles. Nayo nyota 51, iliyokaa na namba tu kwa muda mrefu, ilipewa jina mwaka 2015 na umoja wa wataalamu wa nyota wa dunia nzima. Sasa yaitwa Helvetios, kwa kukumbuka watu wa kale wa nchi ya Uswisi; na sayari yake yaitwa Dimidium, neno la Kilatini lenye maana ya nusu, kwa kuwa uzito wake ni nusu ya Mshtarii.

Mwaka 2019 umoja huo uliwaalika watu wa nchi nyingi wachague majina, kila nchi nyota moja na sayari yake. Watu wa Tanzania waliita nyota yao Mpingo, na sayari yake Tanzanite, kwa kufuata mti mweusi wa wachongaji na jiwe la thamani lichimbwalo Mererani. Watu wa Kenya waliita nyota yao Kalausi, neno la Kijaluo la upepo wa kisulisuli, na sayari yake Buru, yaani vumbi. Sayari hizo mbili ni ndugu wa ile ya nyota 51, kubwa na zenye moto, na kila moja humaliza mwaka wake kwa siku 3 hivi. Tanzanite ilijulikana kwa kupita mbele ya nyota yake na kupunguza mwanga wake. Buru ilijulikana kwa kuivuta nyota yake ikayumba, kama mtoto amvutavyo mtu mzima mwenye taa.

Hapana mtu aliyeiona Buru kwa macho yake, wala Tanzanite, wala Dimidium. Zajulikana kwa sababu wako watu waliopima kwa uaminifu, wakashuku kazi yao wenyewe kabla ya kushuku kazi za wengine, wakangoja mpaka hesabu itimie, ndipo waliposema.